Kaka Anampenda Mchumba Wake, na Mimi Pia

"Chukua pete yako."

Msusi alisema hivyo bila kugeuka, pete ikiwa kando ya kioo, vidole vikiendelea kusuka. Mteja wake, kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama wima, akajifanya hasikii huku masikio kayatega vilivyo.

Mchumba wa msusi, mwalimu wa sarufi chuoni, alibaki mlangoni mwa saluni na mwavuli unaochuruzika maji. Harusi yao ilikuwa Jumamosi.

Msusi akamsogezea simu. Asubuhi ile shangazi yake Mwalimu alikuwa amempelekea ujumbe aliouandika Mwalimu mwenyewe: *Kaka anampenda mchumba wake, na mimi pia.* Shangazi akaupamba kwa maua, eti msusi ajionee mwenyewe.

"Huyo mchumba wa kaka yako mlisoma naye. Kumbe mlikuwa mnasoma nini?"

Mwalimu akaketi kwenye kiti cha kuoshea nywele. Badala ya kujitetea kama binadamu wengine, akaanza kufundisha.

"Sentensi hiyo imekatwa. Sarufi zalishi, ile inayoeleza akili inavyounda sentensi, inasema kichwani huwa nzima: na mimi pia nampenda mchumba. Ulimi unaacha kilichokwisha kusemwa, msomaji anakijaza mwenyewe. Sasa hapo kwenye pengo, mchumba anaweza kuwa wangu, au..."

Akaukunja mwavuli.

"Au?"

"Au wa kaka. Sarufi inaruhusu zote mbili."

Mteja akaguna. Msusi alikuwa anaomba aambiwe kwamba amesoma vibaya, na sasa mtaalamu mwenyewe anasema hakukosea. Alimpenda mtu huyu mno, ndiyo maana ilimuuma hivyo.

"Basi sarufi yako imekufunga," akasema.

"Hiyo haijui tulikuwa tunazungumza nini. Mpigie shangazi, muulize aliniuliza swali gani. Mimi sitii neno."

Msusi akapiga, akafungua spika. Shangazi akaanza kusalimia ukoo mzima, mmoja mmoja, hadi msusi akamkatiza kwa adabu na kumuuliza.

"Nilitaka kujua kama yeye na kaka yake kila mmoja anampenda wake kwa moyo, au wanaoa kwa sababu nimewasumbua. Ndipo akanijibu hivyo. Nikasema na wewe mwanangu ufurahi. Kwani hukufurahi?"

"Nimefurahi, shangazi. Sana."

Akakata simu, akaegemea ukuta. Mzigo wote wa tangu asubuhi ukamtoka kwa pumzi moja, na machozi juu. Pete ikarudi kidoleni kwa urahisi, maana mkono ulikuwa umejaa mafuta ya nywele.

"Nakupenda, Mwalimu."

"Na mimi p..."

Akajikamata. Akauweka mwavuli chini, akasimama wima.

"Mimi nakupenda wewe, msusi wa saluni hii, uliyesimama hapo na kitana mkononi, mchumba wangu mimi, si wa kaka, si wa mtu mwingine yeyote."

Msusi akacheka huku analia.

"Hata mimi nimeelewa," akasema mteja, "na wala simo."