Mlango wa Chumba cha Kumi na Tano

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya pili ya Januari, pedi moja ya gemu ilikuwa imeshikwa na watu wawili wasiojuana. Ilikuwa ya mwisho mezani, mtumba, herufi za vitufe zimefutika, katika ukumbi wa vifaa vya kompyuta ambako wateja walipita kwa kusukumana mabega. Mwanamke alivaa blauzi ya njano iliyonyooshwa vizuri, na chini ya kucha zake kulikuwa na unga wa rangi ya waridi. Mwanamume alikuwa ndani ya ovaroli ya bluu, bisibisi tatu kifuani.

"Dada yangu, niachie. Mimi nina kazi nayo."

"Kaka, kazi yako umeshaivaa. Hii niachie mimi."

Muuzaji akawauliza kila mmoja anacheza nini, akitegemea mmoja atasema mpira na ugomvi uishe. Wote wakataja kitu kimoja. Ipo gemu ya zamani ya kurukaruka, ambayo karibu kila mtu aliwahi kuicheza kwa jirani akiwa mdogo. Mashabiki wake huifungua, hujenga ndani yake vyumba vyao wenyewe, vigumu kupita kiasi, kisha hugawiana bure. Kamtu kadogo kakaruka shimo. Tofali lisiloonekana likakagonga kichwani juu ya shimo lilelile, kakafa. Chumba kimoja huweza kula wiki tatu. Wanaocheza hivyo ni wachache, na wawili kati yao walikuwa wameshika pedi moja.

Mwanamke aliondoka na pedi, mwanamume akaondoka na namba ya simu. Mwanamke alikuwa akitengeneza meno ya bandia katika karakana yenye meza nne. Mwenzake alikuwa fundi wa lifti. Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wakiitana Fundi Meno na Fundi Lifti, na majina ya kuzaliwa yakabaki kwenye vitambulisho.

Miezi iliyofuata, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, walicheza kwenye chumba cha Fundi Meno, mlango ukiwa wazi kwa amri ya shangazi yake aliyeishi naye. Shangazi alikaa sebuleni na cherehani yake, na kila alipopita aliuliza mmekufa mara ngapi leo. Wakimwambia mia tatu, alisema poleni wafiwa, akaendelea na pindo lake.

Walikuwa na sheria moja: hakuna kumwonyesha mwenzako njia. Kumwambia mtu pa kuruka ni kumwambia hana akili. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuhitaji sheria, kwa sababu vidole vyenyewe vilikuwa vimelijua: katika gemu hizi, chochote kilicho rahisi ni mtego. Mlango ulio wazi karibu na mwanzo hukurudisha chumba cha kwanza. Waundaji hutega kwa kile hasa unachokipenda.

Tarehe kumi na sita Agosti Fundi Lifti alikuja na flashi mfukoni. Alikuwa amemtengenezea gemu yake mwenyewe, vyumba kumi na tano.

"Wenzangu hupewa maua," Fundi Meno alisema.

"Maua hunyauka siku ya tatu. Hii itakuua hadi mwezi ujao."

"Unanipenda au una kisasi na mimi?"

"Ukifika mwisho, nipigie, mpenzi."

Alifika chumba cha kumi na tano tarehe kumi na nne Septemba, akiwa amekufa mara elfu mbili mia tatu na sita. Kona ya skrini ilihesabu yenyewe. Hatua tatu kutoka mwanzo, upande wa kushoto, kulikuwa na mlango wazi. Juu yake pamechorwa nyumba ndogo na watu wawili wameshikana mikono. Upande wa kulia palikuwa na misumeno saba inayozunguka, na majukwaa yanayoanguka ukiyakanyaga. Akampigia, akamwambia yupo chumba cha mwisho.

Fundi Lifti aliuliza upesi: "Mlango umeuona?"

"Nimeuona, na watu wako wawili. Siingii."

"Huingii?"

"Siingii, baba. Miezi yote hii hujanijua tu? Mimi si wa kunasa kirahisi hivyo."

Alikuwa akicheka. Fundi Lifti alisema sawa, amemwelewa, akaaga kuwa yupo kazini. Fundi Meno akarudi kwenye misumeno.

Kuanzia hapo simu zikapungua. Fundi Lifti aliruka Jumapili mbili, akaja moja, akakaa kwenye ncha ya kiti akimtazama yeye badala ya skrini. Katikati ya Oktoba aliwaeleza Fundi Meno na shangazi kwamba amepata kazi nchi ya mbali, kampuni ya majengo marefu, mkataba wa miaka mitatu. Fundi Meno alisema hongera, akangoja aseme la pili. Fundi Lifti naye alingoja. Shangazi aliwatazama wote wawili, akauliza kama huko kuna baridi.

Fundi Meno alijipa maelezo yanayoeleweka. Mwanamume alisema akifika mwisho ampigie. Basi lililobaki kusemwa litasemwa mwisho. Kazi yake ni kufika. Akaongeza saa za kucheza. Novemba alivuka msumeno wa tano, kisha wa sita. Kidole gumba cha kulia kikavimba, akakifunga bandeji, na wiki hiyohiyo akaharibu meno ya chini ya mzee mmoja kwa kukwangua kupita alama. Bosi wake akampa onyo la maandishi. Shangazi alimwambia, bila kuinua macho kwenye kitambaa, kwamba mtu akikaa kimya namna ile huulizwa. Akajibu kwamba atamuuliza akimaliza chumba.

Ijumaa, tarehe kumi na nane Desemba, saa saba mchana, hesabu ilisoma elfu sita mia tisa na kumi na nane. Alikuwa karakanani, wenzake wametoka kula, kompyuta yake ndogo iko kati ya taya mbili za plasta. Gumba halikupinda tena. Akakata tamaa kwa utaratibu: ataingia kwenye mtego kwa hiari, arudishwe chumba cha kwanza, acheze vile anavyoviweza.

Akapiga hatua tatu kushoto, akaingia.

Ndani hapakuwa na msumeno. Palikuwa na anga, nyumba, na maandishi meupe: *Nimepata kazi mbali. Nyumba ya familia ya kampuni huombwa kabla ya Septemba kwisha. Nataka nikuoe, tuondoke wote. Nipigie.*

Alitoka na koti jeupe la kazini, miwani ya kukingia vumbi imesukumwa juu ya nywele. Fundi Lifti alikuwa akikabidhi kazi katika jengo la ghorofa kumi na nne, na lifti ilikuwa imesimamishwa kwa ukaguzi. Akapanda ngazi. Alimkuta chumba cha mitambo juu kabisa, akifuta grisi mikononi.

Alipopata pumzi alimweleza yote kwa mpangilio: mlango, mtego, Septemba, leo. Fundi Lifti alisikiliza, kisha akakaa juu ya sanduku la vifaa.

"Nilikuwekea mlango wazi," alisema. "Swali lile sikutaka likutese."

"Kule kulia, mwisho kuna nini?"

"Ukuta. Nilichora tu, chumba kisionekane kitupu. Hapapitiki."

Fundi Meno aliitazama bandeji yake. "Niulize sasa."

"Fomu nilijaza mtu mmoja. Kitanda nimepewa bwenini, na mkataba haubadilishwi hadi miaka mitatu iishe. Naondoka Jumapili."

"Niulize hivyo hivyo."

Akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama angekubali kuolewa naye. Fundi Meno akajibu ndiyo, angekubali Septemba, na Agosti, na hata ile Januari mezani. Fundi Lifti aliuficha uso kwa kitambaa chenye grisi.

"Miaka mitatu si mingi," Fundi Meno alisema. "Nitakungoja."

"Usiningoje. Mimi nimekaa miezi mitatu na jibu ambalo hukulitoa, na najua lilivyonila. Sikuwekei hilo wewe."

Alimwomba akubali kutomngoja, na Fundi Meno, kwa kuwa mwenzake alikuwa akilia, akakubali. Fundi Lifti akawasha mtambo. Wakashuka na lifti ghorofa zote kumi na nne, mikono yao imeshikana. Chini watu wengi walikuwa wakisubiri na mizigo yao, na mlango ulipofunguka waliingia kabla wao hawajatoka. Waliachana hapo, kila mmoja akitokea upande wake.

Jumapili, shangazi alimkuta mpwa wake ameketi kitandani amevaa blauzi ya njano. Fundi Meno alisema anataka kumpigia Fundi Lifti ampe neno moja, kwamba alikubali kwa huruma tu, na atangoja apende asipende. Shangazi akamwambia, piga basi, mwanangu.

Ndege iliondoka saa moja kasorobo asubuhi. Fundi Meno alipiga saa moja kasoro dakika kumi na mbili. Simu haikupatikana.