Nani Aanzishe Wimbo wa Mkunga?

Je, wewe umewahi kusifiwa kwa jambo ambalo hukulifanya? Watu wakakupigia makofi, nawe ukayapokea kwa tabasamu, huku moyoni unajua kabisa kwamba makofi yale ni ya mtu mwingine? Kama hujawahi, shukuru. Kijiti yalimpata, na hakujua ayaweke wapi.

Kijiti halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa urefu na wembamba wake, na alikwisha kulizoea. Alisoma darasa la sita, akiishi na shangazi yake msusi katika nyumba iliyokuwa nyuma ya saluni. Kila Jumamosi kazi zake zilikuwa zilezile: aliosha vyombo, akafagia nywele zilizodondoka chini ya viti vya wateja, akaloweka soksi za shule, kisha akaoga. Jua likianza kupoa, shangazi alifunga saluni kwa kufuli, akalivuta kufuli lile mara mbili ili aridhike, na wote wawili wakashika njia kwenda kwenye mazoezi ya kwaya ya mtaa.

Kwaya ilikutana katika duka la fundi cherehani, maana Fundi ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Siku hiyo alisukuma cherehani ukutani, akaning'iniza magauni ambayo hayajaisha kushonwa kwenye misumari, akafagia vipande vya vitambaa. Hata hivyo chaki na nyuzi zilibaki kila mahali. Mtu alirudi nyumbani na uzi mwekundu kwenye sketi, akaujua tu kuwa ni wa kwaya.

"Shikamoo, Fundi," Kijiti aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Usikanyage suruali ya mwenyekiti, bado haina mguu mmoja."

Fundi alikuwa mtu wa mzaha, lakini wimbo ukianza mzaha uliisha. Alisimama mbele yao akiwa na futi yake ya kupimia shingoni na rula ya mbao mkononi. Sikio lake la kushoto lilikufa akiwa mtoto mdogo, baada ya homa kali. La kulia lilikuwa zima, tena kali mno. Lakini mwenye sikio moja ana taabu yake: sauti huisikia vizuri, ila hajui imetoka upande gani. Ukimwita Fundi barabarani, aligeuka huku na huku mpaka auone mdomo wako. Kwa hiyo kwaya yake ilikuwa na desturi. Wote walisimama upande wake wa kulia, na kila aliposimamisha wimbo na kuuliza, "Nani huyo?", mwenye sauti aliinua mkono. Akikosea aliinua, akipatia aliinua. Hakuna aliyecheka.

Kijiti aliwekwa safu ya nyuma, kwenye sauti ya kwanza, ile ya juu. Shangazi ndiye aliyetaka hivyo. "Mtoto wa kike atawekwa wapi tena?" alisema. Yeye mwenyewe aliimba sauti ya pili, safu ya mbele.

Sasa nikwambie kitu ambacho shangazi hakukijua. Kijiti hakuwa akiimba. Alifungua mdomo wote, akainua nyusi, akatikisa kichwa panapostahili, lakini sauti hakuitoa hata chembe. Sababu ilikuwa shuleni. Siku moja alisimama kuimba mbele ya darasa, sauti yake ikatoka nzito, na kijana mmoja akapiga kelele, "Jamani, nani kaingiza beberu?" Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo Kijiti aliimba akiwa peke yake tu, akifua, maji yakiwa wazi bombani.

Pembeni yake safuni alisimama dada mmoja aliyefanya kazi ya udobi. Huyu alikuwa kinyume chake kabisa. Alikosa jino la mbele, naye aliona haya pengo lake kuonekana, kwa hiyo aliimba midomo ikiwa imefunguka kidogo tu, kichwa kimeinama. Lakini sauti iliyopita hapo! Ilikuwa nyororo, imenyooka, haitetemeki.

Jumamosi moja Fundi aliwaambia kwamba mkunga wa mtaa anastaafu.

"Nusu yenu hapa kawapokea yeye," alisema. "Tutamwimbia siku ya kumuaga. Wimbo nimeutunga mwenyewe, nikiharibu gauni la mtu kwa sababu yake." Akawaimbia mwanzo wake:

*Mikono iliyotupokea, leo tunaishika sisi.*

Waliimba mara kadhaa. Ghafla Fundi akagonga meza kwa rula.

"Nani huyo? Nani kapanda vile kwenye 'tunaishika'?"

Mkono wa dobi ulianza kuinuka. Lakini ulifika mdomoni, ukabaki pale, ukilifunika pengo. Fundi alizungusha macho yake safu ya nyuma, akaona mdomo mmoja mkubwa uliokuwa bado uko wazi.

"Ahaa! Ni wewe, Kijiti! Kumbe tuna hazina hapa! Basi huyu ndiye atakayetuanzishia wimbo."

Makofi yakalipuka. Shangazi aligeuka, macho yamejaa machozi ya furaha. Kijiti alitaka kusema, "Si mimi." Badala yake akatabasamu. Dobi aliinama akanyoosha pindo la sketi yake, ingawa halikuwa limejikunja.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Shangazi alimweleza kila mteja aliyekaa kwenye kiti. "Unamwona huyo anayefagia? Ndiye atakayeanzisha wimbo wa mkunga. Utulivu huo ni wa kazini tu, sauti ndiyo usiseme!" Jioni alimwambia, "Hebu nionjeshe kidogo, mwanangu."

"Koo linaniwasha, Shangazi."

Basi ikawa kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni, kwa koo lisilo na ugonjwa wowote. Kijiti alisukutua huku akijionea huruma.

Katikati ya wiki alitumwa kuchukua sare yake kwa dobi. Chumba cha udobi kilikuwa cha joto, kina harufu ya sabuni na wanga. Dada yule alikuwa akipiga pasi shati jeupe.

"Karibu, mdogo wangu. Sare yako hiyo hapo, tayari."

Kijiti aliishika sare, lakini hakuondoka. "Dada," alisema, "Jumamosi mimi nikifungua mdomo kuanza… na wewe si utaanza?"

Dobi hakumtazama. "Unataka nikuimbie?"

"Kidogo tu. Mstari wa kwanza tu. Wengine wakiingia basi."

Pasi ilisimama juu ya kola. Ilisimama mpaka moshi mwembamba ukaanza kupanda. Dobi akashtuka, akaiinua haraka. Kwenye kola pakabaki doa la rangi ya chai.

"Sawa," alisema taratibu, akilisugua doa kwa kidole. "Kama ndivyo unavyotaka."

Njiani Kijiti alijaribu kufurahi. Furaha haikuja. Kila alipojaribu, aliliona lile doa kwenye kola.

Jumamosi ya mazoezi ikafika. Duka lilijaa. Fundi bomba wa mtaa, mzee mnene mwenye sauti ya nne iliyotikisa madirisha, alimpisha Kijiti mlangoni kwa madaha. "Mpisheni nyota wetu! Mimi nikipiga kelele leo mnifungie koki."

Fundi akapiga makofi mawili. "Sasa, anayeanzisha hakai nyuma. Kijiti, njoo hapa mbele, karibu na meza ya kukatia. Upande huu, wa sikio langu."

Kijiti hakulifikiria hilo. Aliiacha safu, akavuka chumba. Sasa alikuwa peke yake, na dobi alibaki kule nyuma, mbali naye. Fundi akainua rula, akafumba macho, akaielekeza kwa Kijiti. Kijiti akafungua mdomo.

Na sauti ikaja. Ilitoka kule nyuma, nyororo, imenyooka: *Mikono iliyotupokea, leo tunaishika sisi.*

Dobi alikuwa ametimiza ahadi yake.

Hakuna aliyeingia na mstari wa pili. Kila mtu mle ndani alikuwa na masikio mawili, na kila mtu alijua sauti imetoka wapi. Fundi bomba alifunga mdomo wake. Shangazi aligeuka nyuma, akamtazama dobi, kisha akamtazama Kijiti, na uso wake ukabadilika polepole. Ni Fundi peke yake aliyefumbua macho akicheka kwa furaha. Alimwinamia Kijiti, sikio lake zima likiwa karibu naye.

"Safi sana!" alisema. "Mbona wengine hamwingii? Mmeduwaa? Hata mimi nimeduwaa!"

Kijiti aliutazama uso ule uliokuwa ukimchekea kwa upendo, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipomwingia. Tangu aanze kuja hapa, watu hawa wote walikuwa wakiinua mikono yao, hata wakikosea, ili Fundi asipotee. Yeye alilichukua sikio la Fundi lililokufa akalifanya maficho yake. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa na moyo wa kumwambia mzee wa watu, mbele ya wote, kwamba anachezewa.

"Si mimi," Kijiti alisema.

"Unasemaje?"

"Si mimi, Fundi. Sijaimba. Ni dada dobi. Hata ile siku ya kwanza ni yeye. Mimi huwa nafungua mdomo tu." Machozi yalikuwa yanamtiririka sasa. "Tena leo nilimwomba aniimbie. Naomba unisamehe."

Fundi aliishusha rula. Akavuta kigoda cha cherehani, akakaa, akaitoa futi shingoni na kuanza kuikunja taratibu, kama afanyavyo jioni akifunga kazi. Shangazi alipiga hatua moja mbele, akafungua mdomo agombe. Fundi akamzuia kwa mkono.

"Ngoja, msusi. Mtoto kasema mwenyewe." Akamgeukia Kijiti. "Na sauti yako wewe, iko wapi?"

Kijiti akamweleza habari ya beberu, kwa kunong'ona, mpaka Fundi akalazimika kumsogezea sikio.

"Mimi nimelea mbuzi utotoni," alisema Fundi. "Beberu namjua. Hebu nisikie, nitakwambia kama ndiye."

Kijiti alijifuta uso. Alianza mstari ule chini kabisa, kama aimbavyo bombani. Mwanzoni sauti ilikwaruza. Halafu ikatulia, nzito na ya joto, ikajaza pale chini ambapo sauti nyembamba hazifiki.

"Wee!" fundi bomba alipaza sauti. "Huyo mleteni kwetu!"

"Kwenu wapi, na madevu yako?" shangazi alimkatiza. "Huyo ni sauti ya pili. Yangu mimi." Alimvuta Kijiti kando yake, akamfuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. "Ningekusikiliza hata mara moja badala ya kukupangia, tusingefika huku," alimwambia. "Lakini nyumbani tutaongea, usidhani."

Watu wakacheka kidogo, chumba kikapata pumzi. Fundi hakucheka. Alisubiri watulie.

"Kijiti," alisema, "sikio langu hili bovu si kosa lako wala langu. Lakini nikiuliza 'Nani huyo?', ninyi ndio sikio langu la pili. Siku mtu anaponyamaza, napotea. Ile sifa niliyokupa ilikuwa kama gauni nililompima mtu mwingine. Ulilivaa, na limekubana wiki nzima, naona hata usoni. Ubaya wake mkubwa si kule kukubana. Mwenye gauni alirudi nyumbani bila nguo. Ukisifiwa kwa kisicho chako, mtoto wangu, usingoje kesho. Sema palepale. Ni maneno mawili tu, 'si mimi', na leo umeyasema mbele ya watu wazima wote hawa. Hilo nakusifia, na hili ni lako."

Kijiti aliitikia kwa kichwa. Kisha akageuka safu ya nyuma. "Nisamehe, dada. Hata kola ya mtu umeunguza kwa ajili yangu."

"Doa lilitoka," dobi alisema chini kwa chini. "Nililoweka usiku kucha."

"Na wewe, dobi," Fundi alisema, akiinuka kigodani. "Nakuuliza kama ninavyouliza siku zote. Nani aanzishe wimbo wa mkunga?"

"Yeyote tu, Fundi. Mimi hata huku nyuma naridhika."

"Sikuuliza kama unaridhika."

Mkono wa dobi ulipanda, ukaenda mdomoni kama kawaida yake, ukatua pale juu ya pengo. Kijiti alimtazama, naye dobi akamtazama Kijiti. Halafu mkono ule ukaacha mdomo, ukaendelea kupanda, polepole, mpaka ukawa juu ya vichwa vya safu nzima, ukionekana na kila mtu.

"Mimi," alisema, mdomo wazi, pengo na yote. "Nataka kuanzisha mimi. Mkunga yule kanizalisha watoto wangu wote, na tangu ulipoutoa wimbo huu, Fundi, nimeutaka mwanzo wake uwe wangu."