Fundi Masinde Anauliza

Jibu lilikuja asubuhi, na lilikuwa jibu zuri. Shida ni kwamba Fundi Masinde alikuwa ameshazikwa kwao Bungoma.

Cheptoo ndiye aliyerithi kazi yake ya kunoa misumeno katika kiwanda kimoja cha mbao mjini Elburgon, na ilikuwa ikimtoa jasho. Msumeno mmoja ulikuwa umekatika ukapita karibu na shingo ya Jerry, mdogo wake, msukuma magogo. Aliogopa ukikatika mwingine atamzika. Ndiyo maana aliuliza kwenye kundi la WhatsApp ambalo meneja Mathenge alilifungua ili ujuzi wa wazee usipotee. Sheria ya kundi ilikuwa moja tu, kwamba swali lisilale bila jibu. Namba ya marehemu ilibaki humo, maana kuitoa kulionekana kama kumzika mara ya pili.

Jibu lilitoka kwenye namba hiyo, limerekodiwa kwa sauti, na sauti ilikuwa yake kabisa, hadi kikohozi. Cheptoo alifuata maelezo kwa hofu, na msumeno ukapita kwenye msonobari kama unakata kabichi. Basi akauliza tena na tena, nafuu ikameza hofu, ingawa nyuma ya kila jibu kulisikika msumeno ukizunguka hata siku ambazo stima ilipotea na mashine zote zikazimika, na chumba chake cha kunolea kilianza kunuka nywele zilizoungua.

Adhuhuri moja stima ilipotea, ukungu ukashuka kutoka msitu wa Mau, na sauti ikaja kundini bila kuulizwa.

"Nimewafundisha nyinyi wote. Sasa ni zamu yenu. Jerry huwa anasimama wapi?"

Masinde mwenyewe ndiye aliyemfundisha Jerry mahali pa kusimama. Hili lilikuwa jini lililovaa sauti ya marehemu. Cheptoo aliomba moyoni swali hilo lilale bila jibu. Lakini Mercyline, karani mgeni ambaye hakumjua Masinde wala hakuwahi kuvunja sheria ya kundi, alijibu kwa adabu.

"Huwa anasimama hiyo side ya kushoto, mzee."

Cheptoo alitoka mbio, akiteleza kwenye unga wa mbao uliolowa, akisikia msumeno ukianza kuzunguka polepole ilhali mji mzima haukuwa na stima, kisha kwa kasi, ile harufu ya nywele zilizoungua ikimfuata, hata akamfikia Jerry aliyekuwa ameketi mahali pake akila githeri, akamvuta kwa kola, wakaanguka kulia, na msumeno ukakatika ukachana ukuta pale kilipokuwa kichwa chake.

"Nani amewasha hiyo kitu na stima hakuna?" Jerry alinong'ona.

Nyuma yao mashine ya pili ilianza kunguruma. Simu ikatetemeka mkononi mwa Cheptoo.

"Asante, Mercyline. Na saa hii yuko wapi?"

Dirisha la ofisi ya Mercyline lilitazama moja kwa moja pale walipolala. Cheptoo alipaza sauti, lakini mngurumo uliimeza. Kwenye kioo cha simu, maandishi madogo yalionyesha kwamba Mercyline anaandika.