Maziwa ya Alhamisi

Mwisho wa mwezi supamaketi ile hujaa hadi vitoroli vikagongana. Fundi cherehani, katika gauni la buluu alilojishonea, alikuwa ameshika makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyofungwa pamoja kwa utepe mwekundu wa ofa.

"Rudisha hayo, dada," ikasema sauti kutoka chini.

Mwanamume mwenye aproni ya kijani alikuwa amepiga magoti akibandika bei. "Soma maandishi madogo, hapo kwenye bei ya kilo. Sasa soma ya lile kopo kubwa."

Akasoma. Kopo kubwa, lisilo na utepe wala mbwembwe, lilikuwa nafuu zaidi.

"Kumbe tunalipia utepe?"

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Na wewe mbona wajitembeza?"

Akacheka mpaka karatasi za bei zikamponyoka. Hivyo ndivyo Fundi alivyompata Bwana Bei.

Kila Jumamosi simu ililia kabla hajatoka nyumbani.

"Fundi wangu, umeandika orodha?"

"Nimeandika."

"Umekula?"

"Unauliza kama mama mkwe."

"Mwenye njaa asiingie dukani, mpenzi. Atabeba hata asichokijua."

Alimfundisha kuja alasiri, mikate inayokaribia tarehe inapopunguzwa bei, na kuacha ofa ya kitu asichokihitaji. Fundi alijifunza, na katika kujifunza akapenda. Aliogopa pia. Mchumba wake wa kwanza alioa kwingine, naye akazisikia habari hizo kwa wateja huku akiwapima nguo. Tangu hapo hakudai kikubwa kwa mwanamume ila kuambiwa ukweli mapema.

Jumamosi moja alikuwa na pesa ya kopo moja tu. Mama yake alikuwa amepasuliwa tumbo na hakuna chakula kilichokaa ila maziwa yale.

"Usinunue leo," Bwana Bei akamwambia kwenye simu. "Alhamisi yana ofa. Utabakiwa na pesa ya mchele."

Akamwamini. Siku tano alipunguza unga wa maziwa uliobaki nyumbani akaongeza maji, na mama akanywa bila kulalamika, jambo lililomuumiza Fundi kuliko malalamiko.

Alhamisi alifika mapema. Karatasi ya manjano ilikuwa rafuni, bei ya zamani imekatwa kwa mstari, mpya imeandikwa kwa wino mnene. Hiyo mpya ilikuwa juu ya bei ya Jumamosi. Na aliyekuwa akiibandika ni Bwana Bei mwenyewe.

"Hii iliyokatwa ni bei ya lini?" Fundi akauliza.

Mwanamume akamtazama msimamizi aliyesimama mwisho wa safu. "Ya wiki hii, dada," akasema.

Dada, kama mteja yeyote. Fundi akachukua kopo dogo, ndilo pesa yake ilifikia, akaondoka. Simu ililia njia nzima. Ikalia siku tatu, na mara zote alikuwa macho akiisikia.

Jumapili Bwana Bei alisimama mlangoni pa chumba cha kushonea, bila aproni, shati limepigwa pasi upande mmoja tu. Fundi hakuinua mguu kwenye cherehani.

"Walipandisha bei Jumatatu ili waipunguze Alhamisi," Bwana Bei akasema juu ya kelele ya mashine. "Nilijua Jumatatu hiyohiyo."

Cherehani ikasimama.

"Jumatatu?"

"Nilishika simu mara tatu. Niliona haya. Mimi ndiye niliyekwambia usubiri."

"Mama yangu amekunywa maji meupe siku tano. Ungeniambia Jumatatu ningekopa."

"Najua."

"Haya yako imetugharimu kuliko hiyo bei."

"Najua, Fundi. Juzi waliniagiza nifanye hivyo kwa mafuta ya kupikia. Nikakataa. Wamenihamishia ghalani kupakua mizigo, mshahara pungufu. Sikuja kujisifu. Nimekuja usisikie kwa watu."

Hasira ya Fundi ilikuwapo bado, wala hakutaka kuificha. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuja mlangoni pake kumwambia jambo baya kabla halijamfikia kwa mdomo mwingine.

"Nimekukasirikia," akasema hatimaye, "na nitakukasirikia wiki nzima."

"Sawa."

"Mama yuko ndani. Utamwambia mwenyewe."

Akaingia. Kupitia pazia Fundi alisikia sauti yake ikieleza yote tangu Jumatatu, bila kumsingizia msimamizi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Amesemaje?"

"Ameuliza nakuja lini na wazee wangu."

"Nawe ukasemaje?"

"Kwamba sijui kama utanikubali."

Fundi akachukua futi ya kupimia, akasimama nyuma yake. "Nyoosha mabega," akasema, machozi yakimtoka. "Huwezi kwenda kwa wajomba zangu na shati hilo."