Mwito wa Tatu

Asubuhi ya siku ya michezo, Cikgu Marhaini, mwalimu wa hesabu, alijaribu kipaza sauti: "Moja, mbili." Mlima ulio nyuma ya shule ukajibu: "Tatu."

Walimu wenzake walicheka. Naye alicheka, ila alichelewa kidogo kuliko wao.

Mwalimu mkuu, Tuan Haji Lokman, alikuwa na waraka wa kila jambo, ukiwemo waraka wa namna ya kutunza nyaraka. Ule wa michezo, kifungu cha saba, ulitaka mshindani asiyeonekana aitwe mara tatu kwa kipaza sauti, ndipo aandikwe "hakufika". Katika mbio za wasichana za mita elfu moja na mia tano alikosekana mmoja tu: Izwani, binti ya Marhaini mwenyewe na mumewe Marzuki.

"Tuan Haji, Izwani ana homa. Yuko chumba cha wagonjwa, nimemwacha sasa hivi na kitambaa cha maji kipajini."

"Najua, Cikgu. Maskini mtoto. Mwite mara tatu."

"Nimwite na ninajua hayupo?"

"Ataandikwaje hayupo kabla hajaitwa? Mgeni rasmi katoka idara ya elimu ya wilaya. Yule hali kitu kabla hajakagua orodha."

Nyuma ya turubai, Mak Ngah Som, muuza wali wa nazi wa shule, alimvuta Marhaini mkono wa nguo.

"Cikgu, mwite mara mbili tu," alinong'ona. "Kwenye mlima huu, ukimwita mtu mara tatu naye hayupo, anaitika mwingine. Na akishaitika, anakimbia kwa jina la mwenzake na kwa pumzi ya mwenzake."

"Mak Ngah, mimi nafundisha hesabu."

"Basi hesabu mpaka mbili."

Marhaini aliita mara mbili. Akamtazama Tuan Haji. Tuan Haji akainua kidole cha tatu. Marhaini akaita.

"Nipo!"

Sauti ilitoka juu, kwenye miti, ng'ambo ya ukuta wa shule. Msichana mwenye fulana ya manjano akashuka mteremko peku, akasimama mstarini. Ukaja upepo wenye harufu ya muhogo unaochemka.

"Mak Ngah, umepika muhogo?"

"Leo sina muhogo," Mak Ngah alisema, akaanza kufunika masufuria yake.

Kwa nukta moja Marhaini alifurahi, akidhani mtoto amepata nafuu. Kisha msichana akageuka. Uso ulikuwa wa Izwani kabisa, Izwani wa kwenye picha ya kitambulisho: hapepesi macho.

Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza aliwaacha wenzake hatua kumi. Wa pili, Kak Yong, muuguzi wa shule, alitokea mbio, viatu mkononi.

"Cikgu, njoo! Izwani anahema kama anafukuzwa. Macho kafumba, miguu inapiga shuka, na nyayo... Cikgu, nyayo zinatoka damu."

Marhaini alimwendea Tuan Haji, akamwambia kwa sauti ya chini, maana hata wakati ule aliogopa kumwaibisha mkubwa mbele ya mgeni, kwamba yule si Izwani, kwamba Izwani yuko kitandani anakufa kwa mbio za mwingine, asimamishe, tafadhali asimamishe. Na Tuan Haji, bila kuondoa jicho kwenye saa, akajibu kwamba rekodi ya wilaya inavunjwa, na kwamba mwenye pingamizi ajaze fomu baada ya mbio, yenye sahihi ya mshindani, huku kule uwanjani kiumbe yule akikata kona ya mwisho bila jasho, bila kuhema, nyasi zisilale chini ya nyayo zake, na wanafunzi mia nne wakiimba jina lile, Izwani, Izwani, na kila walipolitaja akaongeza mwendo.

"Mfute!" Mak Ngah alimnong'oneza kwa ukali sikioni. "Ameingia kwa kuitwa, mtoe kwa kufutwa!"

Marhaini alikwapua kipaza sauti.

"Izwani binti Marzuki, timu ya manjano, amefutwa! Hayumo! Hayumo tena!"

Hatua tatu kabla ya utepe, msichana alisimama. Akamtazama Marhaini, akatabasamu kama mwanafunzi aliyepewa jibu. Kisha fulana ya manjano ikaanguka majanini, tupu. Tuan Haji aliuliza nani atasaini kuipokea.

Marhaini alikuwa ameshafika chumba cha wagonjwa. Izwani alikuwa amekaa kitandani, homa imeshuka, pumzi imetulia. Miguu ilining'inia, nyayo zimechunika, udongo mwekundu wa uwanjani umegandamana na damu.

"Mwanangu! Alhamdulillahi. Ameondoka."

"Ameondoka," alisema mtoto. Hakupepesa macho.

Chumba kilinuka muhogo.

"Mimi sikuwa na jina la kufutwa," aliendelea kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni. "Jina lilikuwa la kwake. Ulipolifuta alikuwa hapa, anakuita. Alishika shuka kwa muda mrefu."

Shuka lilikuwa limechanika pande mbili, mahali pa mikono.

Kisha akanyoosha miguu, akanung'unika kwa sauti ileile ya Izwani, kwa deko lilelile: "Mama, inauma."

Marhaini alisimama mlangoni mpaka shangwe za mbio zilizofuata zikaisha. Halafu, kwa kuwa nyayo zile bado zilikuwa za mtoto wake, alichukua beseni, akapiga magoti, akaanza kuziosha.