Vidonge Alivyovikataa Baba

Kila asubuhi, baada ya kumkamua ng'ombe, Ruth alimpelekea baba yake maji na vidonge. Mzee Elifuraha alikuwa amefanyiwa upasuaji mjini Moshi, akatolewa tezi ya shingo iliyokuwa imevimba na kuwa rovu. Daktari alimpa dawa ya kila siku pamoja na vidonge vya kalsiamu vya kulinda mifupa. Alimtaka pia arudi kliniki kupimwa.

Siku moja jirani yao Eliakim aliviona vidonge hivyo, akaangua kicheko. "Si ndivyo alivyopewa mke wangu akiwa mjamzito? Unajifungua lini, tukupikie mtori wa mzazi?"

Baba alicheka naye, lakini tangu siku hiyo akavikataa vidonge vya kalsiamu. Kliniki nako hakurudi. Ruth alipomsihi, alifoka, "Mifupa ni ugonjwa wa wanawake! Nenda shule!"

Ruth aliondoka akiwa na hasira tele. Mtu mzima mzima, kachekwa mara moja tu, kaacha dawa!

Miezi ikapita. Jioni moja Baba aliteleza zizini akiwalisha ng'ombe majani. Anguko lenyewe lilikuwa dogo, la kuinuka na kujipangusa. Mkono ukavunjika.

Hospitalini Daktari Veronika aliuliza, "Mzee, vidonge vya kalsiamu unameza?" Baba akainama.

"Aliviacha!" Ruth alipaza sauti huku akilia. "Aliogopa kuchekwa!"

"Ruth! Unamsema baba yako hivyo?" Mama alimkemea.

"Nina hasira, mama! Nilimwambia!"

"Mwache, amesema kweli," alisema daktari, naye amekunja uso. "Mzee, baada ya upasuaji huu hata mwanamume anaweza kudhoofika mifupa. Ndiyo maana tulitaka kukupima. Ungevunjika nyonga je?"

Jumapili Eliakim alikuja na mkungu wa ndizi kumjulia hali Baba. Ruth alimwamkia shikamoo bila kumtazama usoni. Baba akaagiza vidonge, akavimeza mbele ya mgeni.

"Haya, cheka sasa!" alisema kwa ukali. "Mfupa hauulizi kama wewe ni baba au mama. Mimi nilisikiliza kicheko chako nikamwacha daktari, na ujinga huo ni wangu. Na wewe, Ruth, mkubwa akikosea, mwambie kwa adabu. Lakini mwambie."

Eliakim hakucheka. Aliuweka mkungu chini, akamwomba Ruth radhi kwa kumcheka baba yake.