Vifuko vya Bluu vya Namba Kumi na Nne

Saa tatu na dakika nne asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, Colby Driedger alianguka. Hakusukumwa na mtu. Alikuwa peke yake kwenye pembe ya kaskazini ya kiwanja cha barafu, anakata kona kwa kasi kama alivyoikata tangu ana miaka minne, mara miguu yote miwili ikamponyoka. Akateleza ubavuubavu mpaka kwenye ubao wa ukingoni. Goti lake lililia kwa sauti iliyofika jukwaani, na wazazi waliokuwa wakibishana huko wakanyamaza wote kwa pamoja.

Orest Pawluk aliliona anguko hilo akiwa amekaa juu ya mashine yake ya kulainisha barafu. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na ishirini na saba kati ya hiyo aliimaliza akilinda, akifagia na kunoa vyuma vya viatu vya kutelezea katika ukumbi huu wa hoki wa Kestrel Creek. Alikuwa ameona watoto wakianguka kwa uchovu, kwa woga na kwa mbwembwe. Hili halikuwa mojawapo.

"Chuma hakikushika," alijisemea.

Walimbeba kijana hadi chumba cha huduma ya kwanza wakamvua viatu. Orest alikiokota cha kushoto, akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye makali ya ndani. Chuma kilichonolewa vizuri hukwangua ukucha. Hiki kiliteleza tu, kama mgongo wa kijiko. Akajaribu cha kulia, kikawa vilevile. Mtu alikuwa ameyasugua makali ya ndani ya viatu vyote viwili, tena kwa kipimo: ukienda moja kwa moja huhisi kitu, ukikata kona ndipo unapojua.

Na viatu hivyo Orest alikuwa amevinoa mwenyewe asubuhi ileile.

"Nipe hivyo," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa Garth Driedger, baba wa kijana, fundi wa mashine za kuvunia, mtu mwenye mabega ya mlango na mdomo unaosikika hadi mtaa wa pili. Akapitisha ukucha kama Orest alivyofanya, uso ukamsawijika. "Mzee, umemvunja mwanangu mguu."

"Nilivinoa vikanyooka, Garth. Nilivijaribu kabla ya kuvitundika."

"Basi nani? Malaika? Leo ndiyo mechi ya mwisho ya mchujo, saa kumi majina ya timu yanabandikwa, na mwanangu amelala pale anang'ata taulo!" Akamgeukia kocha aliyekuwa amesimama mlangoni. "Gaudry, mnyang'anye funguo huyu mzee. Sasa hivi."

Marcel Gaudry, kocha wa timu ya wilaya, alikuwa mtu mkimya asiyependa makelele. Alisugua paji la uso. "Nimempigia konstebo. Yuko mbali, atafika saa kumi. Mpaka hapo hakuna anayenyang'anywa kitu."

"Na akifika?"

"Akifika akakuta ni uzembe wa Orest, funguo atazirudisha."

Mke wa Orest alishazikwa, mabinti zake walishahamia miji ya mbali, na funguo zile ndizo zilizokuwa zikimwamsha asubuhi. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na mbili.

Alianza kwa majeruhi mwenyewe. Colby alikuwa na miaka kumi na mitano, umri ambao wasaka vipaji huja kuwatazama msimu mmoja tu wa baridi, halafu basi. Mama yake alikuwa amemshika mkono wakisubiri gari la wagonjwa.

"Mzee Orest, sikuzembea," kijana alisema upesi. "Waambie. Nilikata vizuri."

"Najua, mwanangu. Nieleze tu. Viatu ulipewa na nani?"

"Sikupewa. Nilivichukua mwenyewe kwenye msumari wangu, namba kumi na nne."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu kasorobo hivi. Nilikuwa nimechelewa. Nikavua vifuko, nikavaa, nikakimbilia barafuni hata kujinyoosha sikujinyoosha."

"Hukukagua makali?"

"Umenoa wewe, nikague nini?"

Neno lile lilimwuma Orest zaidi ya matusi yote ya Garth.

"Mechi si ilikuwa haijaanza?" kijana aliuliza. "Kocha anaweza kuhesabu ya jana? Jana nilicheza vizuri. Baba hakusema, lakini nilicheza vizuri."

"Tulia kwanza," mama yake alimwambia, akafuta macho kwa mkono wa koti. Saa nne kasorobo gari la wagonjwa liliwachukua wote wawili. Garth alikataa kupanda. Alisema haondoki hapo mpaka aliyemuumiza mwanawe ajulikane.

Chumba cha kunolea kilikuwa kama Orest alivyokiacha: mashine, tambara la mafuta, misumari ishirini yenye namba. Jiwe dogo la mkono lilikuwa limetundikwa mahali pake, ila lilikuwa limejaa unga mbichi wa chuma, na yeye alikuwa amelisafisha Ijumaa. Kwa hiyo kazi ilifanyika humuhumu, kwa kifaa chake mwenyewe. Mlango haufungwi. Kestrel Creek mtu akifunga mlango wa chumba cha kunolea watu watauliza anaficha nini.

Akapanga saa zake. Saa moja na nusu, Garth alileta viatu. Akavua vile vifuko vya taulo la bluu ambavyo mkewe alivishona, vya kuzuia chuma kisishike kutu, akavisukumiza kwenye mfuko wa koti kama afanyavyo kila mara, maana vifuko vikiachwa chumbani humu hupotea. Saa mbili kasoro dakika kumi, Orest alimaliza kunoa, akajaribu kwa ukucha, akafuta kwa mafuta, akatundika. Saa mbili kamili akapanda mashine yake, akashuka saa mbili na dakika ishirini na tano na kwenda moja kwa moja kwenye mitambo ya baridi, nyuma ya jengo. Kuanzia saa mbili hadi saa tatu kasorobo chumba hakikuwa na mtu wa kukiangalia.

Nani alikuwa na sababu? Ukumbi mzima ulikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikuwa kantini likikaanga chipsi.

Shauna Petrow alikuwa mama wa Reid, kijana anayegombea nafasi ileile ya Colby. Wazazi hushika kantini kwa zamu, na Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yake. Ijumaa jioni yeye na Garth walikuwa wamevunjiana heshima jukwaani mbele ya watu wote. Garth alimwambia kwamba Reid ataishia kucheza na wazee wenye vitambi siku za Jumapili, na kwamba Colby wake akifika miaka kumi na minane jina lake litasomwa redioni. Shauna naye akajibu kwamba mtoto wa Garth ana kila kitu isipokuwa miguu.

"Umekuja kunihoji?" Shauna aliuliza kabla Orest hajaegemea kaunta. "Haya hoji. Watu wananunua kahawa wakiniangalia kama nimeua."

"Uliingia chumbani kwangu asubuhi?"

Akageuza chipsi. "Niliingia. Saa mbili na dakika kumi. Reid aliishiwa utepe wa fimbo, nikachukua mmoja rafuni. Nilikuwa nikwambie."

"Viatu vya Colby uliviona?"

"Niliviona. Na nitakwambia ukweli, Orest, nilisimama nikavitazama. Vimening'inia, chuma kinang'aa kama kisu kipya. Nikawaza, laiti ungekwama leo, mtoto wa watu. Halafu nikajionea aibu, nikaenda kukaa kwenye gari, nikalia. Nimechoka, unasikia? Miaka kumi na moja ya kuamka gizani, kila likizo hoki, na mtoto hata haniambii kama anaupenda huu mchezo. Jana nilisema mtoto wa mwenzangu hana miguu. Na leo tazama."

"Chuma kilikuwa kinang'aa? Wazi?"

"Wazi, ndiyo."

"Ulilia mpaka saa ngapi?"

"Nilifungua kantini saa tatu kasoro dakika ishirini. Wateja wa kwanza walikuwa wameshaanza kununa, kahawa haikuwepo."

Orest alimwamini. Mtu anayetaka kukudanganya hakusimulii alichokiwaza moyoni. Lakini kumwamini hakukumpa kitu cha kumwonyesha konstebo.

Garth alikuwa peke yake jukwaani, koti limefungwa hadi kidevuni. Dirishani mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa ikianguka kwenye pikapu zilizopangwa. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Colby anaendeleaje?"

"Watampasua goti Jumatatu. Msimu kwisha." Garth alisema bila kugeuka. "Angeingia, unajua? Kila mtu ajue hivyo. Mtoto angeingia kama asingefanyiwa uchawi huu."

"Asubuhi, baada ya kuniachia viatu, ulikwenda wapi?"

"Sasa ni mimi tena?"

"Konstebo atauliza kila mtu. Bora ujizoeze."

"Kantini. Nilikaa pale nakunywa kahawa tangu saa mbili mpaka mechi ilipokaribia. Chumbani kwako sikurudi tena. Umeridhika? Mkamateni yule mama, mniache."

Orest alishuka ngazi polepole. Kahawa ya saa mbili, kwenye kantini iliyofunguliwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Alifika chini akashika reli, maana maneno ya kijana yalikuwa yamemrudia, yale aliyoyapita juujuu asubuhi. Nikavua vifuko, nikavaa.

Vifuko gani?

Alikwenda chumba cha kubadilishia, akafungua begi namba kumi na nne. Vifuko vya bluu vilikuwa juu kabisa, vimetupwa ovyo. Akavigeuza ndani nje chini ya taa. Kwenye mshono kulikuwa na unga wa kijivu, unaogandia kidoleni.

Alikaa kwenye benchi muda mrefu. Hasira aliyoitarajia haikuja, akahisi unyonge tu. Angeweza kunyamaza. Angerudisha funguo, mji ungesema mzee macho yamekwisha, na kijana angebaki na baba yake. Alilipima jambo hilo kwa dhati. Lakini konstebo angemwuliza pia Shauna, na Garth alikuwa ameshamnyooshea kidole mbele ya watu. Uongo ule usingetosheka na mzee mmoja.

Saa kumi kasorobo aliwaita Garth na kocha Gaudry chumbani kwa kunolea, akafunga mlango kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Viatu, vifuko na funguo zake vilikuwa mezani.

"Garth, asubuhi ulivua hivi ukavitia mfukoni. Saa mbili na dakika kumi viatu vilikuwa wazi hapo msumarini. Saa tatu kasorobo Colby anavikuta vimevishwa. Vilitokaje mfukoni mwako?"

"Labda nilivisahau hapa."

"Hukuvisahau. Na kahawa hukunywa, kantini ilikuwa imefungwa." Orest alivigeuza vifuko, akaonyesha unga. "Mtu alisugua makali kwa jiwe langu, akakifuta chuma kikauka, akakivisha kisishike kutu. Mtu mwenye chuki angehangaika na kutu? Hii ni mikono iliyofanya hivyo kila siku kwa miaka kumi na moja. Ilifanya yenyewe, wewe hukujua hata."

Garth aliangalia mikono yake kama ya mtu mwingine. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Nilidhani atateleza kidogo," alisema hatimaye. "Ateleze, atoke, aseme chuma kibovu. Sikujua ataingia kwa kasi ile. Walahi sikujua."

"Lakini kwa nini?" Gaudry aliuliza.

"Kwa sababu ulikuwa unamwacha! Jana nilikufuata baada ya mazoezi, nikakuuliza, ukatazama pembeni. Nikajua. Nimewaambia watu wote wa mji huu mwanangu atafika mbali. Halafu karatasi ibandikwe kwenye kioo, Shauna na wenzake waisome, jina halipo? Nilitaka waseme alionewa. Alionewa, basi. Hata yeye angeamini hivyo."

Kocha alikuwa amepauka. Akatoa bahasha kwenye koti. "Natazama pembeni kila mzazi anaponiuliza, Garth. Miaka tisa. Nikimtazama mmoja machoni, kesho wote wako mlangoni." Akaifungua. "Hii niliichapa jana usiku. Mechi ya leo ilikuwa ya kuwaridhisha ninyi, msiseme mtoto hakupewa nafasi."

Aliweka karatasi mezani. Jina la namba kumi na nne lilikuwa la tatu kutoka juu. La Reid halikuwepo.

Garth aliisoma. Akaisoma tena kwa kidole, herufi kwa herufi. Alianza kulia vibaya, kama watu wasiozoea, na Orest akageukia ukuta kwa kumstahi.

Simu ya Garth iliita. Aliitazama, akaisukuma kwa Orest. Orest akairudisha.

"Ni mwanao. Pokea."

Chumba kilikuwa kidogo, sauti ya kijana ikasikika yote. "Baba? Saa kumi imefika. Wamebandika? Jina langu limo?"

"Limo, mwanangu. La tatu."

Upande wa pili kijana alipiga ukelele wa furaha, kisha akaguna kwa maumivu, kisha akacheka. "Nilikwambia! Jana nilikwambia nimecheza vizuri! Na aliyesugua chuma je, wamemjua?"

Garth alifumba macho. Nje, gari la konstebo lilikuwa likiegeshwa.

"Wamemjua," alisema. "Ni mimi, Colby. Ni baba."

Kijana akauliza, taratibu, bila hasira yoyote, "Kwa hiyo ulidhani sitaweza?"

Garth alikaa na simu sikioni, kidole bado juu ya jina lile. Orest alichukua funguo zake mezani, akatoka kumfungulia konstebo mlango.